Spika Chini ya Kiti

Ukisimama stejini Mwiki, kule Kasarani inakogeuka kuwa Ruiru, nganya unaisikia kifuani kabla hujaiona. Hiyo ni kazi ya besi. Sauti nzito haijali ukuta wala bati, inapita tu. Ndiyo maana fundi huificha spika kubwa ndani ya boksi la mbao chini ya kiti cha nyuma, na zile ndogo za sauti nyembamba huzipandisha juu, zielekee masikio. Ukizifunga hizo ndogo sakafuni, miguu ya abiria itameza maneno yote ya wimbo.

Matatu za kwanza hazikuwa na shida hii. Ulilipa mapeni matatu ya senti kumi, ukashikilia chuma, basi. Mzee Kenyatta alipoziruhusu kubeba abiria bila leseni maalum mwaka 1973, redio ilikuwa moja, Sauti ya Kenya ya serikali, na dere alicheza alichopewa. Kilichobadilisha mambo ni kaseti. Philips waliizindua Berlin mwaka 1963, na ilipozoeleka River Road, dere akaanza kujichagulia.

Serikali ikaona hatari yake. Mei 1990 mabanda ya Muoroto, Nairobi, yalibomolewa, na haikuchukua muda nyimbo za Kikuyu zilizosimulia ubomoaji huo zikawa zinachezwa kwenye mat. Makarau wakaanza kunyaka wauzaji wa kanda. Hebu fikiria: spika mbili za mlangoni, na serikali nzima imeshtuka!

Ugomvi wa baadaye umekuwa mwingine. Sheria za Michuki za 2004 zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano. Michoro ikafutwa hadi Uhuru alipoirudisha 2014. Kanuni za kelele za NEMA zilikuja 2009. Wufa nazo zikazidi kukua.

Kikomo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa nane. Wewe abiria wa Mwiki utashuka, uende zako. Makanga yuko hapo alfajiri hadi usiku, mgongo umeegemea spika ya mlango. Mimi nganya nazipenda, sitadanganya. Lakini ukisema "shukisha" mara tatu na hageuki, usidhani ni madharau. Gonga bati.