Wenzako Wamevaa Masweta, Wewe Unatokwa Jasho? Hizi Hapa Sababu 7

Mwezi wa saba Njombe au Makete, watu wote wamejifunika makoti, lakini kuna mtu mmoja kifungo cha shati kiko wazi na leso iko mkononi. Mara nyingi huambiwa ana "damu ya moto" na mambo yanaishia hapo. Wakati mwingine ni maumbile tu, ila wakati mwingine mwili unatoa taarifa.

Jasho ndilo linalopoza mwili ili joto libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 hivi. Likitoka wakati hakuna joto, hujafanya kazi ngumu wala huna homa, kuna kitu kimeuwasha mtambo huo. Sababu zinazoonekana sana ni hizi:

1. Tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi
Tezi hii, thairoidi, iko mbele ya shingo na ndiyo inayopanga kasi ya mwili kutumia chakula. Homoni zake zikizidi, mwili unawaka kama jiko lililoongezewa mkaa. Dalili nyingine ni kukonda japo unakula vizuri, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi. Huwapata zaidi wanawake. Kipimo cha damu kinaonyesha, na dawa zipo. Ukiiacha, inaweza kuuchosha moyo.

2. Kukaribia kukoma hedhi
Kwa wanawake wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Joto linapanda ghafla kifuani, shingoni na usoni, linakaa dakika chache, jasho linamwagika, kisha baridi inafuata. Huu si ugonjwa, lakini kama unakunyima usingizi, daktari anaweza kukusaidia. Wajawazito na waliojifungua karibuni nao huhisi joto sana kwa sababu ya homoni.

3. Sukari kushuka
Hii inawahusu hasa wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge. Ukitokwa jasho la baridi, ukatetemeka, ukasikia njaa kali au kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka chini ya 3.9. Kunywa haraka maji yenye vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, kisha ule chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

4. Kifua kikuu na maambukizi mengine
Jasho la usiku linalolowanisha shuka, kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni na kupungua uzito: hapo usisubiri. Nenda ukapimwe TB. Tanzania, vipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, na inapona. VVU na baadhi ya saratani za damu pia huleta jasho la usiku. Malaria nayo hutoa jasho, ila huja na homa na kutetemeka.

5. Dawa na vinywaji
Baadhi ya dawa za sonona, za maumivu makali na za homoni huongeza jasho. Kahawa nyingi, pombe na pilipili pia. Kama tatizo lilianza baada ya kuanza dawa fulani, mwambie aliyekuandikia. Usiiache mwenyewe.

6. Wasiwasi
Madeni, msiba, usaili wa kazi: akili ikiwa na hofu, mwili hujiandaa kukimbia. Viganja vinalowa, moyo unadunda, hata kama nje kuna ukungu.

7. Maumbile na uzito
Wapo ambao viganja, nyayo na kwapa hulowa tangu ujanani, na mara nyingi kwenye ukoo wapo wengine. Wakilala, jasho hukata. Hawa husaidiwa na dawa za kupaka za kuzuia jasho. Mwenye mwili mkubwa naye hutunza joto zaidi.

Wakati wa kukimbia hospitali
Jasho la ghafla likija pamoja na maumivu au kubanwa kifua, pumzi kukata, au maumivu yanayoelekea mkono au taya, inaweza kuwa shambulio la moyo. Hapo si suala la kungoja kesho.

Kabla ya kumwona daktari
Kwa wiki moja andika: jasho linakuja saa ngapi, mchana au usiku, mwili mzima au sehemu moja, na dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Jipime uzito. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kujua aanze na kipimo kipi, na wewe utaokoa hela ya kupima kila kitu.