Rosetta Tharpe na Gitaa la Kanisani

Watajapo asili ya muziki wa roki nchini Marekani, watu aghalabu huanza na vijana wa kiume wa miaka ya 1950. Kabla yao alikuwako mwanamke. Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, Arkansas. Mama yake alikuwa mhubiri, na mtoto alikua akipiga gitaa mbele ya waumini.

Mwaka 1938 alikwenda New York, akarekodi santuri za kampuni ya Decca, akaimba katika Cotton Club, mahali pa dansi na vileo. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wacha Mungu wengi walichukizwa kusikia nyimbo za ibada zikiimbwa penye ulevi. Naye hakuliacha kanisa, wala jukwaa hakuliacha.

Gitaa lake la umeme halikuisindikiza sauti tu, bali lilijibizana nayo kama waitikiaji na kiongozi wao. Santuri yake "Strange Things Happening Every Day", aliyoirekodi mwaka 1944, ilipata sifa kubwa mwaka uliofuata katika orodha ya santuri za watu weusi, kwani hata soko la nyimbo lilitengwa kwa rangi.

Mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, alimpandisha jukwaani kijana wa miaka 14, kisha akamlipa ujira. Kijana huyo ndiye Little Richard.

Tharpe alifariki Philadelphia mwaka 1973, akazikwa katika kaburi lililokaa miaka mingi bila jiwe la jina. Little Richard aliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki mwaka 1986. Tharpe, mwaka 2018.