Waya unapita Maganzo, kituo kiko wapi?

Leo naomba tuache kidogo siasa na Simba na Yanga, tuongelee kitu ambacho unaweza kukifunika kwa vidole viwili. Mafundi wa mitandao wanakiita transiva. Ni kidude cha chuma kinachochomekwa kwenye swichi au ruta, pale waya wa faiba unapoishia. Ndani mna leza ndogo inayogeuza umeme kuwa mwanga, na pembeni yake kuna kipokezi kinachogeuza mwanga uliotoka upande wa pili kuwa umeme. Bila hicho, kilomita zote za faiba tulizofukia nchi hii ni vioo vilivyozikwa tu.

Kwa nini nimekichagua? Kwa sababu Mkongo wa Taifa unaendelea kuongezewa uwezo na kusogezwa wilayani, na kila hotuba ninayotumwa kuiripoti inahesabu kilomita zilizochimbwa. Sijawahi kusikia mtu akisimama kuuliza mwisho wa kilomita hizo kumechomekwa nini. Kwa mtu wa Kishapu hilo ndilo swali lenyewe, na historia yetu inaonyesha hivyo.

Tuanze na reli. Reli ya Tabora kwenda Mwanza ilikamilika mwaka 1928, ikapita Shinyanga na Seke, ambayo leo imo ndani ya wilaya ya Kishapu. Bibi zetu walielewa sheria ya reli bila kusoma uhandisi: pasipo na stesheni, treni ni kelele na moshi. Mwaka 1940 John Williamson akagundua almasi Mwadui, na mgodi ukajengewa hospitali yake, shule zake na uwanja wake wa ndege. Mwaka 1947 ikapatikana pale almasi ya waridi ya karati 54.5, ikaenda London kama zawadi ya harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia. (Jiwe lilifika Uingereza. Sijui barua kutoka Mhunze ingechukua muda gani.) Pwani nako mambo yalikuwa yaleyale. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari uliifikia Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Waliokuwa na kituo walipata habari, wengine walipitiwa.

Intaneti ilipofika Bongo, kwa miaka mingi ilipita angani. Ombi lako lilipanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, likashuka Ulaya au Marekani, na jibu likarudi njia hiyohiyo. Walionitangulia wanasimulia walivyofungua ukurasa mmoja kwenye kafe ya intaneti, wakaenda kunywa chai, wakarudi na kukuta picha imefika kwenye paji la uso. Tarehe 23 Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, na Dar es Salaam ikawa moja ya bandari zake. EASSy ukafuata Julai 2010. Na Oktoba hiyohiyo ya 2009, Charles Kao akatangazwa mshindi wa Nobel ya fizikia kwa kazi ya nyuzi za kioo aliyoichapisha mwaka 1966.

Hapa nikae kidogo, maana pana utamu. Kao alisema kioo kikisafishwa vya kutosha kiasi kwamba asilimia 1 tu ya mwanga ibaki baada ya kilomita moja, simu zitaweza kupita ndani yake. Wengi walimwona anaota. Mwaka 1970 watafiti wa Corning huko Marekani wakavuka kipimo hicho. Faiba ya leo hubakiza asilimia 1 ileile baada ya kilomita 100 hivi, karibu umbali wa kutoka Shinyanga mjini hadi Kahama. Kioo kimefanya sehemu yake. Kinachobaki ni leza ya huku kuwa na nguvu ya kutosha, na kipokezi cha kule kuwa na jicho kali la kuona hiyo asilimia 1.

Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa mwaka 2009 kwa mkopo wa China, mjenzi akiwa kampuni ya CITCC, na TTCL ikakabidhiwa kuuendesha. Ulichorwa kwa pete tatu, ya kaskazini, ya kusini na ya magharibi, na jumla yake katika awamu mbili za mwanzo ikatajwa kuwa kilomita 7,560. Sisi huku tumo kwenye pete ya magharibi.

Faiba ile ya 2010 haina haja ya kung'olewa, na huo ndio uzuri wake. Ukitaka kasi kubwa zaidi, unabadilisha vifaa vya mwisho. Transiva ndogo za kuchomeka, aina ya SFP, zilikubaliwa na watengenezaji mwaka 2000 na kuendelea, ili kidude cha kampuni moja kiingie kwenye swichi ya nyingine. Kiwango cha gigabiti 10 kwenye faiba kilipitishwa 2002, cha 100 mwaka 2010. Mwaka 2020 ukaja mwongozo wa 400ZR, gigabiti 400 kwenye kidude unachokishika mkononi.

Sasa fikiria wewe ndiye mnunuzi. Kutoka Kolandoto hadi Mhunze, makao makuu ya wilaya, barabara ni kilomita zipatazo 63. Tuseme faiba inafuata barabara. Transiva zinauzwa kwa umbali ulioandikwa kwenye karatasi: kilomita 10, 40, 80. Ya 40 ni rahisi zaidi, lakini haifiki. Unachukua ya 80 na kudhani umemaliza. Bado! Kila kilomita inakula kama robo ya desibeli ukihesabu kwa tahadhari, hivyo 63 zinakula karibu 16. Ongeza viungio vya huku na kule. Halafu ongeza historia ya waya wenyewe: kila greda la barabara lililoukata, kila fundi aliyeunga usiku kwenye tope, ameacha kiungo kinachomeza mwanga kidogo. Waya uliokatwa mara nyingi hauko tena kama ulivyo kwenye ramani. Ndiyo maana fundi makini hupima kwanza kwa mashine inayorusha mwanga na kusikiliza mwangwi wake, kisha ndipo anaagiza.

Na usidhani kubwa ndiyo salama. Transiva ya kilomita 80 ikichomekwa kwenye waya wa kilomita 5, kutoka mnara hadi ofisi ya jirani, mwanga wake unaweza kukiunguza kipokezi cha upande wa pili. Inabidi uweke kipunguza mwanga katikati. Nayo kasi ina ushuru wake: kwa mtindo wa zamani wa kuwasha na kuzima leza, ukiongeza kasi mara 4, uvumilivu wa mtawanyiko wa mwanga ndani ya kioo unapungua mara 16. Hapo ndipo zilipoingia transiva za kisasa zenye kompyuta ndogo ndani, zinazosoma wimbi lote la mwanga na kunyoosha lilipopinda. Zinafanya maajabu, ila zinakula umeme, wati 15 hadi 20 kwa kimoja. Swichi ya zamani haikuundwa kupoza joto hilo, na chumba cha vifaa chenye bati juu na jua la Shinyanga la Oktoba hakisaidii chochote.

Kuna na kufuli. Ndani ya kila transiva mna kumbukumbu ndogo yenye jina la mtengenezaji. Baadhi ya swichi husoma jina hilo, zikikuta si la nyumbani zinakataa kuwasha. Maelewano ya mwaka 2000 yalitaka kinyume chake, lakini biashara ni biashara, na chenye jina huweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya kisicho na jina chenye kazi ileile. Ningekuwa naandika zabuni ya umma, sharti la kwanza lingekuwa swichi isiyochagua, na la pili vipuri viwekwe Shinyanga, si Dar tu. Tuliona Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, jinsi nchi nzima inavyoweza kukaa ikisubiri ukarabati wa mbali. Kidude kikifa Mhunze siku ya Ijumaa, kikawa kinasubiriwa kutoka ghala la Dar, zahanati na halmashauri zinaonja hayo hayo bila kutajwa kwenye taarifa ya habari.

Lakini linalonisumbua zaidi ni hili. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kilomita 160 na ushee. Vifaa dhaifu vililazimisha kusimama njiani: kibanda, umeme, swichi, na palipo na swichi mtu anaweza kuchomoa waya wake. Vifaa vipya, vikisaidiwa na vikuza mwanga, vinaruka umbali huo moja kwa moja. Migodi ya Geita na jiji la Mwanza watafurahi, na kwenye mahesabu ya kampuni ni akiba halali. Ila ule mwanga utapita Maganzo kama treni ya haraka isiyo na stesheni. Kuushusha inawezekana, kwani waya mmoja hubeba mawimbi ya mwanga 40 au zaidi, kila moja na rangi yake, na kuna kifaa cha kuchepusha moja tu kati ya hizo mahali popote unapotaka. Kifaa hicho hakiji na transiva. Kinaagizwa peke yake, na lazima kiandikwe kwenye orodha ya manunuzi kabla chumba hakijajengwa. Mdau yeyote aliye karibu na vikao vya bajeti vya halmashauri, naomba uangalie kama kimo, halafu utujulishe hapa chini.