HISTORIA FUPI YA MAJANI NA KUKU WETU WA NYAMA

 Kikundi chetu kimefikisha miaka kumi. Nimepewa ukurasa mmoja, nami naona tuongee juu ya kuku wa nyama, maana mikopo mingi ya kikundi imepita bandani.

Bibi zetu walifuga kuku wa kienyeji. Kuku wakizubaa waliwatilia shubiri mwitu, mwarobaini au pilipili kwenye maji. Lakini mdondo, ambao wengine tunauita kideri, ukipita ulifagia kijiji kizima, waliokunywa na wasiokunywa.

Huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, wataalamu waliona kuku wakitiliwa antibiotiki kidogo kidogo kwenye chakula wanakua upesi. Mwaka 1951 serikali yao ikaruhusu, na mtindo ukaenea. Kumbe vijidudu navyo vinazoea dawa. Mwaka 1969 kamati ya wataalamu Uingereza ilionya. Sweden ikapiga marufuku mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamalizia tarehe 1 Januari 2006. Ndipo wataalamu wengi wakageukia mimea: kitunguu swaumu, tangawizi, mlonge na kadhalika. Kwa hiyo akina mama, mambo ya bibi zetu hayakuwa ushamba.

Lakini tusidanganyane. Majani ya mlonge yaliyoanikwa kivulini na kutwangwa yana protini karibu robo ya uzito wake, tena yana vitamini A. Ni nyongeza nzuri, ila yakizidi kuku anadumaa, kwani yana makapi mengi ambayo tumbo lake haliwezi kusaga. Mwarobaini nao ukizidi, uchungu unamfanya asile. Na hakuna jani linalozuia mdondo wala Gumboro. Hayo ni magonjwa ya virusi, hata antibiotiki haiviui. Kinga yake ni chanjo: kwa kawaida mdondo siku ya 7, Gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21. Bwana mifugo atakuelekeza zaidi.

Na kuku aliyepewa antibiotiki asiuzwe wala kuchinjwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye paketi kwisha. Walaji ni watoto wetu wenyewe.

Kuku wa nyama anauzwa akiwa na wiki 5 au 6. Ugonjwa ukiingia wiki ya 4, hela ya chakula imeshaliwa, na marejesho hayasubiri. Mmoja akishindwa kurejesha, mwenzake aliye kwenye foleni anakosa mkopo. Kwa hiyo ombi langu kwa miaka kumi ijayo: mwanachama akija kukopa kwa ajili ya vifaranga, fedha ya chanjo ihesabiwe kwanza. Mlonge tutachuma uani.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba.

Akina mama, hoyee!

Ni mimi,
Mwenyekiti wenu