Majina ya Vituo vya Kilimanjaro, Yakisomwa Kutoka Shighatini

Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala katika vituo vitatu: Mandara, takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, Horombo, mita 3,700, na Kibo, mita 4,700, ambako safari ya usiku kuelekea kilele cha Uhuru huanzia. Wageni wengi huyasoma majina hayo kama vibao vya njiani tu. Mimi huyasoma kama waraka wa siasa.

Enzi ya Wajerumani kituo cha kwanza kiliitwa Bismarck na cha pili Peters. Huyu wa pili ni Carl Peters, ambaye akiwa huko huko Kilimanjaro aliamuru mtumishi wake na msichana mmoja wanyongwe. Mwaka 1897 serikali yake yenyewe ilimfukuza kazi, na bado jina lake likapewa nyumba ya kupumzikia! Kulifuta ilikuwa haki.

Lakini tulitazame jina lililochukua nafasi ya Bismarck, na tulitazame tukiwa Shighatini, Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini. Siku isiyo na mawingu, Kibo huonekana kutoka huku. Ugweno ilikuwa dola kongwe, na chuma cha wafuaji wake, Washana, kilivuka tambarare hadi Uchagani. Katika karne ya 19 mtawala wake Ghendewa alimwomba Mandara wa Moshi, aitwaye pia Rindi, msaada wa vita dhidi ya Usangi. Mapatano yaliharibika, na wapiganaji wa Mandara wakaigeukia Ugweno yenyewe, wakateka watu na mifugo. Profesa Isaria Kimambo aliyachunguza mambo haya kwa kusikiliza masimulizi ya wazee wa Upare.

Isitoshe, Mandara ndiye aliyetia saini mkataba wa mwaka 1885 na Karl Jühlke, mwenzake Peters. Basi tulimwondoa Bismarck mlangoni tukamweka mtu aliyewapokea mawakala wa Kijerumani.

Sidai jina libadilishwe tena. Nadai kibao ukutani kinachoeleza Mandara alikuwa nani kwa Wachaga, na alikuwa nani kwa Wagweno. Nafasi ingalipo pia kwa wengine: Hans Meyer alifika kileleni Oktoba 1889 kwa mizigo iliyobebwa na wapagazi, na katika vituo vyote vitatu hakuna hata kimoja chenye jina la mpagazi.