IBN UMAR ALIPOKATAA AMRI: Somo kwa Kila Mwenye Kushika Silaha



Kila Ramadhan maimamu wetu hutukumbusha Fat-hu Makka. Ilikuwa mwaka wa 8 Hijria, sawa na Januari 630, Mtume (S.A.W.) alipoingia Makka na jeshi la watu elfu kumi. Hadithi hiyo tunaijua tangu chuoni. Lakini yaliyotokea wiki chache baadaye, mwezi wa Shawwal, wengi wetu hatuyakumbuki. Na kijana anayetaka kuingia polisi ayajue kabla hajakabidhiwa bunduki.

Bendera yatolewa mkononi

Tuanze na siku yenyewe ya Makka. Makamanda waliamrishwa wasimpige ila anayewapiga. Saad bin Ubada (R.A.), mkubwa wa Ansari na mbeba bendera yao, akapandwa na hamasa, akasema kuwa leo ni siku ya kuchinjana. Maneno hayo yakamfikia Mtume (S.A.W.), naye hakungoja mpaka damu imwagike. Waandishi wa Sira wanasimulia kuwa bendera ilitolewa kwa Saad akapewa mwanawe, Qays. Heshima ikabaki katika nyumba ile ile, lakini uongozi wa kikosi ukamtoka mtu aliyekuwa na hasira.

Na huyu Qays ni nani? Ni yule ambaye Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, katika Sahih Bukhari, kuwa kwa Mtume alikuwa na nafasi kama ya mkuu wa polisi kwa amiri wake.

Msiba wa Banu Jadhima

Baada ya Makka kufunguliwa, Khalid bin Walid (R.A.) alitumwa kwa kabila la Banu Jadhima awalinganie katika Uislamu. Hakutumwa kupigana. Watu wale walitaka kusema wamesilimu, lakini hawakulijua vizuri neno lenyewe. Wakasema "saba'na", yaani tumetoka katika dini yetu ya zamani. Khalid hakuliona kuwa linatosha. Wengine wakauawa, wengine wakatekwa, kila askari akapewa mateka wake. Kisha ikatoka amri kuwa kila mtu amuue mateka wake.

Hapo akasimama Abdallah bin Umar (R.A.). Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, umri wa wanafunzi wenzangu wa chuo kikuu na wa makuruta wanaopelekwa Kiganjo. Akaapa kuwa hamuui mateka wake, na wenzake walio pamoja naye hawawaui wao. Hebu fikiria: ni askari mdogo mbele ya kamanda mashuhuri kuliko wote, huko jangwani, mbali na Madina. Hakuna wa kumtetea. Lakini alijua kuwa damu ile ikimwagika, ataulizwa yeye.

Waliporudi, Mtume (S.A.W.) alielezwa. Bukhari amepokea kuwa aliinua mikono yake, na mara mbili akamwambia Mola wake kuwa yeye amejitenga na alichokifanya Khalid. Ibn Umar hakulaumiwa kwa kukataa amri. Tena Mtume hakuishia kwenye dua. Alimtuma Ali bin Abi Talib (R.A.) na mali, akawalipa diya za watu wao na mali zao zote zilizoharibiwa, hata chombo cha kunywea mbwa. Pesa zilizobaki akawaachia pia, isije ikawa kuna hasara iliyosahauliwa.

Hapa tuwe na adabu. Wanavyuoni wanasema Khalid alikosea katika ijtihadi yake, hakukusudia dhuluma, na Mtume aliendelea kumpa kazi. Sisi si wa kumtia ila Swahaba. Lakini kosa liliitwa kosa hadharani, na waliodhulumiwa wakalipwa.

Umar bin Abdulaziz na wezi wa Mosul

Kuna watu watakwambia, "Haya ni maneno ya msikitini, mtaani majambazi hawaelewi ila risasi." Hoja hii si mpya. Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala mwaka 99 hadi 101 Hijria (717 hadi 720), aliikuta. Imepokewa kuwa Yahya al-Ghassani alipopewa ugavana wa Mosul aliukuta mji umejaa wezi. Akamwandikia Khalifa: niwakamate watu kwa dhana, au kwa ushahidi? Akajibiwa awakamate kwa ushahidi. Ikiwa haki haiwatengenezi, basi hakuna kitakachowatengeneza. Yahya alifuata, na alisimulia mwenyewe kuwa alipoondoka Mosul ulikuwa katika miji yenye wizi mdogo kabisa.

Na hapa kwetu?

Kenya tunajua maana ya kukamata watu kwa dhana. Februari 1984, katika msako wa silaha, wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Walishikiliwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilikadiria kuwa walikaribia elfu moja. Kila aliyefyatua risasi pale alikuwa na mkubwa wake aliyemwamrisha. Je, jibu hilo litamfaa kwa Mola wake?

Simaanishi kuwa nguvu ni haramu daima. Mwenye bunduki akivamia wanafunzi, kama ilivyotokea Chuo Kikuu cha Garissa mwezi Aprili 2015 wakauawa watu 148, kumzuia kwa nguvu ni kuokoa roho. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inasema hivyo hivyo: polisi atangulize njia zisizo za nguvu, nguvu ikihitajika iwe kwa kiasi cha hatari, bunduki iwe ya kuokoa maisha, na aliyejeruhiwa apatiwe matibabu mara moja. Kisha inasema jambo ambalo Ibn Umar alilijua karne kumi na nne nyuma, kwamba amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Vijana wenzangu, wengine kati yetu watavaa sare hiyo, na si vibaya. Wengine watakuwa mawakili, waandishi au wazazi wa hao polisi. Swaumu inatufundisha kujizuia na maji yaliyo halali, ilhali hakuna anayetuona. Anayeweza hilo ana uwezo wa kuzuia kidole chake hata mkubwa wake akipiga kelele.

Allah awarehemu waliouawa kwa dhuluma, awape subira jamaa zao, na atupe walinzi wenye kumcha Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.