Historia na Nesi, Sehemu ya 6: Saini za wanamichezo tusiowauliza

Watoto wakishalala, someni hii taratibu.

Kule Marekani kuna watu wanaokusanya saini za wachezaji wa besiboli. Wengi wao wanakimbilia nyota, lakini wapo wanaomtafuta mchezaji wa kawaida kabisa ambaye maisha yalimpitisha mahali pa ajabu. Mmoja wanayempenda sana ni Moe Berg, mdakaji ambaye kwenye kupiga mpira hakuwa hodari. Mwaka 1934 alikwenda Japani na timu ya kina Babe Ruth. Siku moja akavaa kimono, akabeba maua, akaingia hospitali moja ya Tokyo akisema amekuja kumsalimia binti wa balozi wa Marekani aliyekuwa amejifungua. Kwa mzazi hakufika! Alipanda juu ya jengo, akatoa kamera na kuupiga mji picha za filamu. Vita Kuu ya Pili ilipokuja akawa jasusi wa serikali yake. (Mnaokasirika getini tukiuliza "unamtembelea nani", mmeona sasa?)

Basi nikajiuliza, sisi huku Mara tungemtafuta nani?

Wa kwanza hayupo mbali. Suleiman Nyambui ni mtoto wa Majita, hapo ziwani. Tarehe 1 Agosti 1980, mjini Moscow, alikimbia fainali ya Olimpiki ya mita 5,000 akamaliza wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Yifter alitumia dakika 13 na sekunde 20.91, Nyambui dakika 13 na sekunde 21.60. Yaani hata sekunde moja haikutimia kati yao. Siku moja kabla, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alikuwa ameshachukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa muda mrefu, Bronisław Malinowski wa Poland akampita kwenye mzunguko wa mwisho. Medali hizo 2 ndizo za Olimpiki tulizonazo Tanzania nzima, na moja imetoka mkoa wetu. Ila muulize mtoto wa darasa la sita hapa Butiama Nyambui ni nani, usikie atakavyokujibu. Mchezaji wa Arsenal anayekaa benchi anamjua jina, jezi na mshahara.

Hapo pana jambo linalowahusu watu wa Butiama hasa, kwa sababu aliyeamua wanariadha hawa waende au wasiende ni Mwalimu mwenyewe.

Mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, Bayi alitoka mbele tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakushikwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Aliyekuwa wa pili, John Walker wa New Zealand, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi akavunja rekodi ya maili mjini Kingston, Jamaika, na miezi mitatu baadaye Walker akaivunja tena. Dunia nzima ikawa inasubiri Olimpiki ya Montreal 1976 ili hao wawili wakutane.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule watoto wa shule walipopigwa risasi Soweto. Tanzania ikasema hatuwezi kushiriki na watu hao kama vile hakuna kilichotokea. Nchi za Afrika zaidi ya 20 zikakaa nje. Walker alichukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39, muda ambao Bayi angeuweza bila shida akiwa mzima. Nasema akiwa mzima kwa sababu kipindi kile alikuwa pia ameugua malaria, na mimi kwa kazi yangu siwezi kuliruka hilo.

Miaka 4 baadaye mambo yakageuka. Marekani ndiyo ikataka nchi zisusie Moscow kwa sababu ya Afghanistan. Rais Carter akamtuma bondia Muhammad Ali aje Afrika kutushawishi. Alifika Tanzania, na Mwalimu hakukubali kuonana naye. Kenya hawakwenda Moscow, sisi tulikwenda. Ndiyo maana Nyambui ana ile medali.

Kwa maoni yangu Mwalimu alikuwa sahihi mara zote mbili. Lakini gharama ya ile ya kwanza aliibeba kijana mmoja kwa miguu yake, na watu wengi wanaopita Mwitongo kuangalia kaburi na makumbusho hawamfikirii kabisa. Saini ya Bayi kwenye karatasi ni kipande cha historia hiyohiyo.

Wapo wengine. Theresia Dismas alirusha mkuki akarudi na medali ya fedha kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, kabla hata ya kina Bayi. Na John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka kwenye marathoni ya Mexico 1968, goti likaumia, akafungwa bendeji akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mtu wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Walioanza walikuwa 75.

Sasa ukipata nafasi ya kukutana na mtu wa namna hii, kwenye hafla ya shule au mashindano, mpeleke mtoto mwenyewe aombe kwa adabu. "Shikamoo babu, naomba saini yako." Mwombe asiandike jina peke yake, aongeze mbio aliyokimbia na mwaka, na jina la mtoto kama hana haraka. Wanunuzi wa saini hawapendi iliyoandikiwa mtu fulani, bei inashuka, ila kwa familia yenu ndiyo itapendwa. Tumieni peni ya kawaida na karatasi safi. Nyuma andikeni tarehe na mahali kwa penseli. Msipeleke ikapigwe plastiki stesheni, ule moto na gundi vinaharibu karatasi. Wekeni ndani ya bahasha kavu, mbali na jua, hata pamoja na kadi za kliniki si vibaya.

Jambo moja tu: hospitalini usiombe. Mgonjwa ni mgonjwa, hata akiwa na medali. Mimi mwenyewe nikimtambua mtu wodini nampima presha nakaa kimya.

Kama kwenu yupo bibi au babu aliyekimbia, aliyerusha au aliyecheza mpira wa wilaya au wa jeshi miaka hiyo, andika hapo chini kijiji na mchezo. Majina na namba za simu msiweke hadharani.